Chokaa Iko Wapi?

Kila msimu wa kupanda ukikaribia, hapa kwetu Nyanda za Juu Kusini huzuka ubishi ule ule. Wazee wanasema mbolea ya chumvichumvi imeua ardhi. Wataalamu wanawacheka na kuwaambia waongeze mfuko. Mimi nasema wazee wana haki ya kulalamika, ila wamemshtaki asiye mkosaji.

Kiwanda cha mbolea cha Tanga kilianza kazi mwaka 1972, na mkulima wa mahindi wa Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma akazoeshwa Salfeti ya Amonia, SA. Bei ilikuwa nafuu kwa kuwa serikali ilibeba sehemu ya gharama. Mahindi yalinawiri kweli. Asiyekiri hilo ni mwongo. Lakini amonia ikigeuka naitreti udongoni huacha tindikali, na SA huacha nyingi kuliko urea au CAN. Kuizima tindikali ya mfuko mmoja wa kilo 50 zinahitajika takriban kilo 55 za chokaa. Nani aliletewa?

Shamba lile lile, mahindi yale yale, mwaka hadi mwaka. Mabua yanachomwa moto. Samadi inarundikana zizini mpaka inaota maboga. Pole pole udongo unachacha, na pH ikishuka chini ya 5.5 aluminiamu huanza kuyeyuka na kuidumaza mizizi. Hata fosfeti uliyoinunua kwa fedha ya ng'ombe hushikwa na udongo, mmea usiipate. Majani yanakuwa ya zambarau, mkulima anaongeza mfuko, anavuna magunia machache, halafu anaitwa mvivu! Hapo ndipo ninapokasirika.

Vocha za pembejeo zilipoanza mwaka 2008 zilikuwa za mbegu, mbolea ya kupandia na ya kukuzia. Chokaa haikuwamo.

Wala si kwamba elimu haikuwapo. Kwa jirani zetu Kenya, pale Kabete, tangu mwaka 1976 wanafanya jaribio la mahindi na maharage katika shamba moja. Vipande vilivyopewa mbolea ya viwandani pamoja na samadi vimehimili kuliko vilivyotegemea mbolea ya viwandani peke yake. Ndiyo maana siwaungi mkono wanaotaka mifuko ipigwe marufuku: samadi ya ng'ombe wawili haitoshi ekari tano. Mfuko uje, lakini udongo upimwe kwanza, na penye uchachu apewe mtu CAN na chokaa badala ya SA.

Nikisema hivyo najibiwa kwamba chokaa ni nzito na usafiri ni ghali. Ajabu! Hapo Songwe, karibu na Mbeya mjini, mawe ya chokaa yanachimbwa kutengenezea saruji, na saruji hiyo inafika mpaka kwenye vijiji ambavyo barabara zake ni za kukisia tu. Lori likiweza kupandisha saruji mlimani, linashindwaje na chokaa?