Maonyesho tunayo, Jumamosi hatuna

Tanzania haina uhaba wa siku za kuonyesha ubunifu. Tuna Sabasaba, tuna Nanenane, na tangu 2019 tuna MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Kijana akiunda kitu, banda lipo, kamera ipo, na hakosekani kiongozi wa kumuuliza "hiki umetengeneza mwenyewe?" kabla ya kuhamia banda linalofuata. Tunachokosa ni mahali ambapo kitu hicho kingeharibika mara ya kwanza, ya pili na ya saba bila mtu kununa.

Tunawasemea watoto na vijana wanaopenda kufungua redio, na wenzao wanaounda ndege ndogo za kurusha. Kila mtaa unao, na wengi wao wameshachapwa kwa kosa la rimoti iliyokutwa haina matumbo.

Pendekezo letu ni hili: maabara za fizikia za sekondari zifunguliwe kila Jumamosi asubuhi kwa vijana hawa, na fundi redio wa mtaani alipwe posho awepo. Siyo semina. Semina tunazijua: fulana, hotuba ya mgeni rasmi, slaidi zisizokwisha, wali kuku, cheti. Mshiriki anarudi nyumbani hajashika hata bisibisi.

Fundi hatakuwa na slaidi. Atamwonyesha mtoto kwamba moto unapelekwa kwenye mguu wa kipuri na kwenye bodi kwa pamoja, halafu lehemu yenyewe inaufuata. Ukiiyeyushia juu ya pasi ya kulehemu na kuidondosha, kiungo kinapoa na rangi ya jivu, kinashika nusu nusu, na redio itakaa ikikatakata mpaka uipige kofi. Hilo halifundishiki ubaoni. Na malighafi zimejaa majumbani: chaja zilizoungua, spika za zamani, redio zilizonyamaza. Multimita moja kwa kila meza inatosha kuanzia.

Ndege nazo zianze bila injini. Lile povu jeupe gumu linalofungashiwa televisheni linakatika kwa wembe na linatoa mabawa mazuri. Mtoto aibebe ndege yake juu ya vidole viwili chini ya mabawa. Itulie vidole vikiwa kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa, kutoka ukingo wa mbele. Akiirusha ikainua pua, ikasita, ikaanguka, pua ni nyepesi: abandike sarafu. Ikipiga mbizi, apunguze uzito. Kwa asubuhi moja atakuwa amekijua kitovu cha uzito vizuri kuliko anavyokijua aliyekikariri kwa ajili ya mtihani.

Anayeona huu ni mchezo wa watoto amkumbuke Alphonse Pénaud, Mfaransa aliyerusha ndege ndogo inayosukumwa na mpira uliosokotwa mjini Paris mwaka 1871. Helikopta ya kuchezea iliyofuata ubunifu wake ndiyo Milton Wright aliyowapelekea wanawe Wilbur na Orville mwaka 1878. Waliicheza hadi ikavunjika, wakajaribu kuunda nyingine, na baadaye wenyewe walisema hamu yao ya kuruka ilianzia hapo. Mwaka 1903 wakaruka kweli.

Wakifika kwenye injini na rimoti, mambo mawili yasifanyiwe mzaha. La kwanza ni betri za lithiamu, zile laini za pakiti: hazichajiwi usiku watu wamelala, na ndoo ya mchanga ikae karibu. Betri iliyovimba haitumiki tena, hata mwenye nayo alie.

La pili ni sheria. Droni kwetu inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na hatupingi. Anga si uwanja wa fujo. Ila mamlaka inaweza kuwatengea vijana hawa viwanja vinavyojulikana, mbali na viwanja vya ndege na makazi, vyenye msimamizi na siku maalumu. Marekani hufanya hivyo: ndege ya mfano inayozidi gramu 250 husajiliwa, lakini yapo maeneo yanayotambuliwa rasmi ambako inaruhusiwa kuruka bila kifaa cha kujitambulisha kwa redio, mradi mrushaji asiipoteze machoni. Kijana asiyeona mlango halali atarushia juu ya paa la jirani.

Haya yote hayahitaji banda la maonyesho lenye mazulia na viyoyozi. Kwa kuanzia wizara ya elimu iwaandikie wakuu wa shule barua moja yenye maswali mawili: ufunguo wa maabara hukaa kwa nani Jumamosi, na posho ya fundi itatoka fungu gani?