Tafuta Katibu, Wacha Kutafuta Mtu wa IT

Kila nganya inayopita Nkoroi ina maisha mawili. Ya kwanza yako Magadi Road: inatoka tao, inapita Rongai, inaendelea hadi Kiserian ikiwa imebeba watu, muziki na nyuso za wasanii zilizochorwa ubavuni. Ya pili yako ndani ya simu. Kuna kijana mahali ameiunda upya, taa kwa taa, rimu kwa rimu, akaiingiza kwenye Bus Simulator Indonesia, ile gemu iliyotolewa na kampuni ya Maleo mwaka wa 2017 na ambayo baadaye ilifungulia wachezaji mlango wa kuweka magari yao wenyewe. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa amelala kwa bedsitter na bado anaendesha gari lile lile lililomwacha stage asubuhi.

Maisha ya kwanza ni mafupi, na kila msee wa njia hii anajua. Mwenye gari akiona abiria wamezoea michoro, anampelekea fundi, linapakwa upya. Likiuzwa, linabadilishwa jina. Na serikali nayo ina zamu yake. Sheria za Michuki zilipoanza kazi Februari 2004, mstari wa manjano ulikula rangi nyingi. Novemba 2018 msako ukarudi, na wenye magari wakaambiwa tena wafute grafiti. Mchoro ukishapakwa rangi juu, umeenda. Kinachobaki ni picha za simu, na picha inakuonyesha upande mmoja tu. Modi unaizunguka. Unaingia ndani, unaona viti, skrini, taa za dari. Kwa gari ambalo limeshabadilishwa sura, hiyo modi inaweza kuwa kumbukumbu kamili kuliko zote.

Sasa aibu yetu ni hii: maisha ya pili yanaisha haraka kuliko ya kwanza.

Tazama modi zetu zinaishi wapi. Ziko kwa linki chini ya video ya YouTube, na ukibonyeza unazungushwa kwa matangazo matano kabla ya kuambiwa faili haipo. Ziko kwa MediaFire, kwa akaunti ya mtu aliyeacha kucheza kitambo. Ziko kwa Google Drive ya kijana wa kidato cha nne, na tangu Desemba 2023 Google ilianza kufuta akaunti ambazo hazijaguswa kwa miaka miwili. Ziko kwa group ya WhatsApp yenye admini mmoja, na siku simu yake ikinyakuliwa kwa dirisha la matatu, historia ya ruti nzima imeteremka nayo. Si mambo mapya haya. Tarehe 19 Januari 2012 Marekani ilifunga Megaupload, na faili za watu wa kawaida ambao hawakuwa na kesi yoyote zikapotelea humo humo. Miaka zaidi ya kumi baadaye, bado tunaweka mali yetu yote kwa nyumba ya mtu mwingine, tena bila hata kujua mlango wa nyuma uko wapi.

Kila mara hasara kama hii ikitokea, kuna mtu husimama kwa group na kusema, "Wasee, tujenge website." Kila mtu anaweka emoji ya moto. Anatafutwa mtu wa IT. Logo inachorwa, inabishaniwa wiki mbili. Domeini inanunuliwa na mmoja kwa laini yake, na pasiwadi inakaa kichwani mwake. Mwaka ukiisha bili inafika, mwenyewe amepata kazi Mombasa au amekosana na watu, na kitu kizima kinazimika. Halafu tunasema watu wetu hawana umoja.

Mimi nakataa. Umoja tunao, tena mwingi. Kosa ni kwamba tumelichukua jambo la utawala tukalifanya jambo la kompyuta. Kuweka faili mtandaoni kila mtu anajua. Swali gumu ni nani ana ufunguo, nani anaushika huyo akisafiri, nani anaandika kilichoamuliwa, na nani anaulizwa pesa ikipotea. Hayo maswali mama yako anayajua vizuri kuliko mtu yeyote wa IT, juu amekaa kwa chama miaka ishirini. Chama kina mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na kina daftari. Mwenyekiti akihama, chama hakihami naye. Ghala la modi la jamii ni chama ambacho badala ya kuzungusha pesa kinatunza faili.

Na msidhani wakubwa wamelitatua hili. Nexus Mods, ghala la modi lililo kati ya makubwa kabisa duniani, lilianzishwa na Robin Scott huko Uingereza mwaka wa 2001. Mwaka wa 2021 lilitangaza kwamba mtengenezaji hataweza tena kufuta kabisa faili aliyoipakia. Ataificha tu, na nakala itabaki. Waliokataa walipewa mwezi mmoja hivi kuomba kazi zao zitolewe. Mwaka wa 2025 Scott akaliuza ghala lote kwa wamiliki wapya. Simlaumu, alilibeba miaka zaidi ya ishirini na ana haki ya kupumzika. Lakini hesabu yenyewe ni ndogo: watu wengi walileta kazi, mmoja aliweka saini. Anayesema "si tuweke tu zetu kule" anatuambia tuhame kutoka kwa admini mdogo kwenda kwa admini mkubwa.

Kwa hivyo napendekeza tuanze na daftari, na ndani yake tuandike mambo manne.

La kwanza ni funguo. Barua pepe, hifadhi ya mtandaoni na nambari ya pesa ziwe za chama. Watu watatu wawe na pasiwadi, na anayeshika pesa asiwe kati ya hao watatu. Tukitaka kujisajili, sheria ya vikundi vya jamii ya 2022 inadai wanachama wasiopungua kumi. Kumi ni watu wa meza mbili za PS jioni moja Nkoroi. Wapo.

La pili ni nakala. Kila modi ikae mahali patatu: moja mtandaoni, moja kwa diski nyumbani kwa mwanachama, na moja kwa diski inayokaa dukani, kwa jamaa wa muvi au wa PS, mahali ambapo mtu anafika na flashi anapakiwa bila kuchoma bundles. Hii ya tatu ndiyo naipigania zaidi. Cuba walipokosa intaneti ya maana, watu walizungusha diski ya kila wiki waliyoiita El Paquete, mkono kwa mkono, kisiwa kizima. Vijana wa gemu wa Havana wakajenga na mtandao wao wa nyaya na antena, SNET, hadi sheria mpya za 2019 zilipouweka chini ya taasisi ya serikali. Diski ya mkononi inaishi mahali ambapo seva imezimwa. Na kwa msee ambaye bundles zake ni za shilingi ishirini, ghala lililo mtandaoni pekee ni ghala lililofungwa.

La tatu ni karatasi ya kila modi. Jina la gari, ruti, mwaka wa michoro ile, toleo la gemu ambalo modi inafanya kazi nalo, aliyeunda umbo, aliyetengeneza skini, na ruhusa waliyoitoa. Kisha mstari ambao tumekuwa tukiuruka: fundi aliyechora gari lenyewe, lile la chuma. Huyu mtu alisimama siku kadhaa na brashi na dawa ya rangi, kazi yake ikapigwa picha, ikageuzwa skini, ikasambaa kwa maelfu ya simu, na jina lake halipo popote. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inampa aliyeunda kazi ya sanaa haki ya kutambuliwa kuwa ndiye aliyeiunda, hata pale hakimiliki yenyewe imeenda kwa aliyeiagiza. Lakini hata kama sheria ingekaa kimya, adabu inasema. Anayelia kwamba modi yake imeibwa na hajawahi kuandika jina la fundi ajisikilize kwanza.

La nne ni kuingia na kutoka. Mtu aambiwe kabla ya kupakia, si baadaye: ukitaka kazi yako iondolewe isipakuliwe tena, itaondolewa siku hiyo hiyo, nakala moja ya kumbukumbu itabaki kwa diski ya chama, na jina lako juu yake. Hukubali, usilete, na hakuna atakayekukasirikia. Na ghala libebe modi tu, lisibebe gemu zenyewe. Take-Two walituma barua ya wakili kwa watengenezaji wa OpenIV mwaka wa 2017, na 2021 wakaangusha modi kadhaa za GTA kabla ya kutoa toleo lao jipya la gemu za zamani. Hatutaki kuwapa wakili sababu ya bure. Maleo wenyewe walifungua mlango, tupitie huo.

Najua nani ananuna hapa: muuza modi za "premium", yule wa "tuma mia mbili upewe pasiwadi ya zip". Nitamjibu kwa heshima, juu hoja yake si ya kipuuzi. Amekesha na Blender kwa kompyuta mbovu, stima ikipotea kila saa, na anataka doo. Mwaka wa 2015 Valve na Bethesda walijaribu kuuza modi za Skyrim. Mtengenezaji alikuwa anapata asilimia 25, na ndani ya siku chache mpango ukafutwa kwa kelele za wachezaji. Mimi sitaki kelele kama zile. Auze. Modi mpya iwe yake kwa miezi sita, auze anavyotaka, kisha iingie ghalani ikiwa na jina lake. Ninachokataa ni kufuli la milele. Zip yenye pasiwadi, na nambari ya muuzaji haipatikani, haimlishi mtu yeyote tena. Imekuwa jeneza tu.

Na yule anayeuza modi ya mwenzake baada ya kufuta jina? Huyo sina maneno mengi naye. Ghala lenye tarehe na karatasi ndilo jibu lake, juu siku hiyo kila mtu ataweza kuangalia nani alitangulia.

Mwingine atasema chama kitavunjika pesa zikiingia. Vyama huvunjika, kweli. Lakini chama kikivunjika kwa utaratibu, kinagawana mali na kila mtu anaondoka na kitu. Chetu kikivunjika, diski mbili zitabaki na faili zote, na watu wengine kumi watafungua daftari jipya. Group ya WhatsApp ikivunjika, unabaki na ujumbe wa "huyu ametoka". Na pesa zenyewe ni ngapi? Diski mbili na hifadhi ya mtandaoni, zikigawanywa kwa watu kumi, ni mchango wa kawaida. Tumechanga kubwa kuliko hiyo kwa harusi za watu tusiowajua.

Wa mwisho ni yule anayecheka. Ati ni gemu tu, ati watu wazima wanatunza matatu za kuchora. Counter-Strike ilianza mwaka wa 1999 kama modi ya Half-Life, kazi ya vijana wawili, na mwaka uliofuata Valve wakainunua. Lakini hata sitaki kumbembeleza kwa hoja ya utajiri. Utamaduni wa magari ya njia hii umeandikwa na watu wengi, na wengi wao wameuandika wakiwa wageni wanaoshangaa. Modi ni kazi ya watu wanaopanda hayo magari kila siku, wanaojua honi ya gari fulani bila kugeuka. Ikipotea, tutabaki kusoma habari zetu kwa maneno ya mgeni.

Kwa hivyo usinitumie logo. Usiniulize tutatumia seva gani. Wiki hii fanya kazi moja: fungua simu yako, toa modi zote ulizonazo, andika ulizipata kwa nani na lini. Waambie tisa wengine wafanye hivyo hivyo. Mkikutana, kabla ya neno lolote kuhusu tovuti, mchague katibu. Awe yule ambaye hapotezi risiti.