Diski ikianza kugonga, nakili kwanza

KUTOKA BUGUFI
Na Adventina Rutaihwa

Waliopita kambi ya wakimbizi ya Lukole, hapa Ngara, wamebaki na karatasi. Kadi za mgao zilizokatika kwenye mikunjo, vyeti vya shule za kambini, picha za watoto waliosimamishwa mbele ya maturubai, kaseti za kwaya na za vipindi vya Redio Kwizera. Kambi yenyewe ilifungwa mwaka 2008, na mzazi anayetaka kumwonyesha mwanawe mahali alipozaliwa hana mlango wa kumwonyesha. Ana bahasha. Miaka ya karibuni bahasha hizo zimeanza kupigwa skani na kuingizwa kwenye seva za nyumbani: kompyuta kuukuu iliyowekwa pembeni mwa sebule, diski mbili ndani yake, programu ya bure ya Linux, na familia nzima inafungua picha kwenye simu zao.

Ni kazi njema, na naiunga mkono kwa moyo wote. Ila nimeona kumbukumbu nyingi zikipotea, na mara nyingi hazikupotea siku diski ilipougua. Zilipotea kesho yake, mikononi mwa mtu mwenye nia nzuri aliyekuwa akijaribu kuitengeneza.

Kwa vijana waliozaliwa baadaye, nikumbushe kidogo. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa saa 24 hivi, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara. Benako, mahali palipokuwa pakijulikana kwa jina la kampuni ya Kiitaliano ya ujenzi wa barabara, pakawa mji mkubwa ndani ya siku chache. Desemba 1996 Wanyarwanda walirudishwa kwao, Lukole ikabaki na Warundi kwa zaidi ya miaka kumi, kizazi kizima cha watoto. Ilipofungwa, wengi walikuwa wamerudi Burundi, wengine walihamishiwa Mtabila kule Kasulu, na maelfu ya waliokimbia nchi yao mwaka 1972 walichukuliwa Marekani kutoka kambi za Tanzania, Lukole ikiwamo. Mashirika yana makabrasha yao Geneva. Simon Turner, mwanaanthropolojia wa Denmark aliyefanya utafiti Lukole mwishoni mwa miaka ya 1990, alitoa kitabu chake mwaka 2010. Walioishi ndani ya maturubai wana kile kilichomo kwenye diski zao, basi.

Mwalimu mmoja mstaafu wa hapa Ngara, aliyefundisha kambini, alinipigia simu jioni moja.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Hii mashine yangu tangu asubuhi inagonga, inanyamaza, inagonga tena kama mgeni anayebisha hodi. Picha nyingine zinafunguka, nyingine hazitaki. Kijana wa dukani kanielekeza programu ya kurekebisha diski, niiache ifanye kazi usiku.”

“Mwalimu, tafadhali, usiiendeshe. Izime kwanza. Una nakala nyingine mahali popote?”

Alikaa kimya kidogo. “Si ndiyo hiyo yenye diski mbili?”

Nitarudi kwenye hizo diski mbili, maana hapo ndipo wengi wanapoangukia. Kwanza hiyo sauti ya kugonga. Ndani ya diski ya kawaida mna sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinaelea juu yake kwa hewa, katika nafasi ya nanomita chache tu. Kichwa kinapopoteza njia hurudi mwanzo kujipanga upya, kinajaribu, kinashindwa, kinarudi. Kila kurudi ni tak. Ikiwa kimeshagusa sahani, kila mzunguko unaweza kuikwangua zaidi na kurusha vumbi la sumaku ambalo litaharibu sehemu zilizokuwa nzima. Diski ya namna hiyo ikiachwa inaendeshwa usiku mzima, asubuhi fundi yeyote atakuwa na kidogo zaidi cha kuokoa.

Na zile programu za kurekebisha? Kazi yake ni kuweka sawa mpangilio wa mafaili, siyo kuponya chuma. Zinapitia diski huku zikiandika juu yake. Diski ikiwa nzima na tatizo ni umeme uliokatika katikati ya kuandika, zinasaidia sana. Diski ikiwa inakufa, zinaichosha na zinaweza kufuta kabisa majina ya mafaili ambayo bado yangesomeka. Hata lile jaribio refu la SMART, mfumo wa diski kujikagua yenyewe, ambalo mimi mwenyewe nalipenda, hupitia uso mzima wa diski kwa saa nyingi. Lisubiri mpaka nakala iwepo.

Mwaka 2007 watafiti wa Google, Pinheiro na wenzake, walichapisha matokeo ya kufuatilia diski zaidi ya 100,000 katika vituo vyao. Diski ikishaonyesha kosa la kwanza la kusoma uso wake, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 ulikuwa mara 39 ya ule wa diski isiyo na kosa. Lakini humohumo waliona kwamba zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa zimetoa hata moja ya ishara nne kubwa walizozitegemea. Kwa hiyo diski inayolalamika isikilizwe leo, na diski iliyonyamaza isiaminiwe kwa ukimya wake.

Sasa kuna habari njema, na kwetu huku ina uzito wake. Diski nyingi zinazoletwa kwa fundi kama wagonjwa ni nzima. Inayougua ni adapta, waya, au umeme wa nyumba. Tuna mtambo wa maji wa Rusumo, megawati 80 zinazogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, karibu kabisa na daraja lile la 1994. Hilo halizuii umeme kukatika na kurudi kwa nguvu sebuleni kwako, wala radi za masika kupita kwenye nyaya. Diski kubwa ya inchi 3.5 inahitaji volti 12 na volti 5 zilizotulia. Inapoanza kuzunguka ndipo inapovuta umeme mwingi zaidi. Adapta iliyochoka huiwasha diski, kisha inashindwa kuishika. Diski inatoweka kwenye orodha, inarudi, inatoweka. Ile ndogo ya inchi 2.5 inayokula umeme wa waya wa USB, hasa ikichomekwa kwenye kikompyuta cha Raspberry Pi, inafanya hivyo hivyo umeme ukipungua, na mara nyingine hutoa hata tak zile zile. Basi kabla ya kuihukumu diski, ijaribu kwa adapta nyingine, waya mwingine na tundu jingine. Hizo ni gharama ndogo. Na ikiitika vizuri, usikimbilie kuirudisha sebuleni. Fanya nakala hapo hapo.

Mwenye seva ya Linux ana chombo kiitwacho smartctl kinachosoma shajara ya diski yenyewe. Kitatoa mistari mingi ya kutisha, na wengi huogopa mistari isiyo na maana. Mimi huanza na minne. Namba 5 inahesabu sekta zilizoharibika ambazo diski imeshazihamishia kwenye akiba yake. Namba 197 ni sekta ilizoshindwa kuzisoma na bado haijaziamulia. Namba 198 ni zile zilizoshindikana kusomwa ilipojikagua yenyewe. Zote tatu zinahusu uso wa sahani, na zikianza kupanda, nenda kanunue diski nyingine wiki hiyo hiyo. Namba 199 ni habari tofauti kabisa: inahesabu makosa ya mawasiliano kati ya diski na kompyuta, na mara nyingi maana yake ni waya. Hesabu hiyo hairudi sifuri hata ukibadilisha waya. Iandike kwenye daftari, badilisha waya, itazame tena baada ya siku kadhaa. Ikisimama, umepona. Baadhi ya kava za USB huzuia shajara hii isisomeke. Jaribu kuongeza “-d sat” kwenye amri kabla ya kudhani diski ni bubu.

Nirudi kwa mwalimu na diski zake mbili. Alikuwa amefungiwa kioo, yaani mpangilio wa RAID 1, ambapo kila kinachoandikwa kwenye diski ya kwanza kinaandikwa na kwenye ya pili. Aliambiwa kwamba hiyo ndiyo nakala ya akiba. Siyo. Kioo kinakusaidia seva iendelee kufanya kazi diski moja ikifa. Ukifuta picha kwa bahati mbaya, inafutika kwenye zote mbili kwa wakati mmoja. Radi ikiingia, inakuta zote mbili zimechomekwa kwenye tundu moja. Mwizi hubeba boksi zima. Na kuna jambo la hatari kuliko hayo: kioo kinaficha ugonjwa. Diski moja inaweza kufa Machi, na familia ikaendelea kutazama picha mpaka Novemba bila kujua kwamba imebaki na moja. Kwenye Linux faili la /proc/mdstat huonyesha [UU] zote zikiwa hai na [U_] moja ikiwa imeanguka. La mwalimu lilikuwa [U_]. Iliyokuwa ikigonga ndiyo pekee iliyobaki.

Mtu akiona hivyo, mkono unamwasha kuchomeka diski mpya ili kioo kijijenge upya. Fikiri kidogo: kujenga upya kunailazimisha ile iliyobaki isomwe kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila kupumzika, na yawezekana ilinunuliwa siku moja na mwenzake, duka moja, toleo moja, ikazunguka saa zilezile. Hata ikiwa inaonekana nzima, nakili kwanza vile usivyoweza kuvipata tena, picha na karatasi, ndipo ujenge. Angalia pia unanunua nini. Mwaka 2020 ilibainika kwamba Western Digital walikuwa wakiuza baadhi ya diski za WD Red, zilizotangazwa kwa ajili ya seva za namna hii, zikiwa za SMR, aina inayoandika njia za data zikipandana. Zinafaa kuhifadhia vitu visivyoguswa sana, lakini kazi ya kujenga upya inazilemea mno. Muulize muuzaji kama ni CMR, ambayo njia zake hazipandani, au SMR, na kama hajui, soma namba ya toleo kwenye lebo kabla hujalipa.

Kwa diski ya mwalimu tulitumia ddrescue, programu ya bure ya mradi wa GNU. Napenda namna inavyofanya kazi. Inachukua kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, inaruka penye kikwazo bila kung'ang'ania, na mwisho ndipo inarudi kwenye pabaya kuchota kidogo kidogo. Inaandika ramani ya ilipofika, hivyo umeme ukikatika huanzi upya. Diski ya kupokea iwe na ukubwa uleule au zaidi. Na hapa naomba usikivu wa kila fundi na kila kijana wa nyumbani: soma namba ya kiwanda (serial number) kwenye kila diski, iandike kwa kalamu kwenye karatasi ya gundi, ibandike, na uilinganishe na inayotajwa kwenye skrini kabla ya kubonyeza. Ukigeuza chanzo na kipokezi, utaandika utupu juu ya miaka ya watu, na hapo hakuna fundi atakayekusaidia.

Picha nyingi zilipatikana. Chache zilitoka zimekatwa nusu, na mafaili machache hayakufunguka kabisa.

Kuna ushauri mwingine unaozunguka mitaani ambao nataka uachwe. Diski isiwekwe kwenye friji. Ikitolewa inatoa jasho ndani. Isigongwe kwa kiganja. Isifunguliwe mezani, kwani chembe moja ya vumbi la Ngara ni kubwa mara nyingi kuliko nafasi kati ya kichwa na sahani. Ikiwa inagonga hata kwa adapta nzima na haionekani kwenye kompyuta, kazi hiyo ni ya chumba kisicho na vumbi, kwa gharama kubwa, na uamuzi wa kulipa au kutolipa ufanywe na familia ikiwa diski imezimwa. Wengine wananiuliza kama ni huu mwinuko wetu unaoziua, kwa kuwa kichwa kinategemea hewa. Hapana. Watengenezaji huweka kikomo cha kama mita 3,000, na vilima vya Bugufi viko chini sana ya hapo.

Kinachobaki ni nakala ya pili, na iwe nje ya nyumba. Nakala moja Ngara mjini, nyingine Rulenge kwa ndugu au Mwanza kwa mtoto anayesoma, kwenye diski inayochomolewa na kufungiwa kabatini baada ya kunakili, radi isiifikie. Waliopelekwa Marekani wana intaneti nzuri kuliko sisi; waombwe watunze seti moja, kwa sababu picha hizo ni zao pia. Kila baada ya miezi michache ifunguliwe, zichaguliwe picha kadhaa popote pale, zionekane zinafunguka kweli.

Na kwa Halmashauri ya Wilaya ya Ngara nina ombi. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ina kituo cha kanda Mwanza. Andikeni barua, muwaombe waje wakae nasi siku chache, wapokee nakala za karatasi na picha za Lukole kutoka kwa kila familia itakayokubali, kwa masharti ambayo familia yenyewe itayaweka, kwa kuwa baadhi ya karatasi hizo zina majina ya watu ambao hawapendi kutajwa. Wazee waliofundisha, waliotibu na waliogawa chakula kambini bado wapo. Wanaweza kusema nani ni nani kwenye picha. Ifanyike kabla ya vuli, radi zinapoanza tena.