Gome la mti lilifika Mirihi, programu ndiyo iliyoanguka

Najua nimewaacha muda mrefu bila kuandika lolote. Kazi zilinizidi, na mnajua mambo yalivyo: mteja anayechelewa kulipa ndiye huwa na haraka kuliko wote. Leo nimerudi, ila sitaanza na tarakilishi wala simu. Nitaanza na kizibo cha chupa.

Nyuma ya meza yangu ofisini kuna ubao wa matangazo. Ni ule wa kahawia, ambao ukichomoa pini kitundu karibu kinajifunga chenyewe. Wiki jana nilimwambia mwenzangu kwamba kitu kama hicho kimewahi kusafiri hadi Mirihi. Alicheka nusura amwage chai. "Kaka, si hilo ni gome la mti tu?"

Naam, ni gome la mti. Na kicheko chake ndicho kilichonifanya niandike, maana sisi watu wa teknolojia tuna magonjwa mawili. Kitu kikitoka maabara na jina refu, tunakiheshimu. Kikitoka msituni, tunakidharau. Huo ni ugonjwa wa kwanza. Wa pili ni kwamba kikitoka msituni, wengine tunakiita "endelevu" papo hapo bila kukikagua. Leo nayapinga yote mawili.

Tuanze na mti wenyewe. Ni aina ya mwaloni unaoota kando ya bahari ya Mediterania, na Ureno peke yake hutoa karibu nusu ya gome lote linalovunwa duniani. Mti haukatwi. Wavunaji huutahiri kwa shoka, wakibandua gome la nje wakati wa kiangazi, kisha wanauacha ujifunike tena. Mti hungoja kama miaka 25 kabla ya kuvunwa mara ya kwanza, halafu huvunwa kila baada ya miaka 9. Baada ya kubanduliwa huandikwa tarakimu ya mwisho ya mwaka kwa rangi nyeupe, ili asije mtu akarudi mapema. Mimi ninayepigania wenzangu waandike tarehe kwenye mabadiliko ya programu nilipenda sana jambo hilo. Kumbukumbu zimeandikwa kwenye mti wenyewe!

Sasa, kwa nini gome hilo linawafaa wahandisi wa roketi? Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke aliliweka chini ya hadubini akaona vijumba vidogo vidogo. Jina alilovipa ndilo wanabiolojia wa Kiingereza wanalotumia hadi leo kwa seli. Sentimita moja ya ujazo ina mamilioni ya vijumba hivyo, vyote vimefungwa na vimejaa gesi. Ndiyo sababu gome ni jepesi, halipitishi maji, halipitishi joto kirahisi, na ukilibonyeza linarudi.

Lakini siri kubwa ni moto. Misitu ya Mediterania huungua mara kwa mara, na gome hilo ni koti la mti dhidi ya moto. Mliokulia mashambani mmewahi kuona gogo lililopitiwa na moto: nje ni makaa matupu, ukilipasua ndani bado ni mti. Gome hufanya hivyohivyo. Likipata joto kali, sehemu ya juu hugeuka makaa na kutoa gesi zinazobeba joto kwenda nje, na lile tabaka la makaa linazuia joto lisipenye ndani. Linajitoa mhanga taratibu, ili kilicho nyuma yake kipone.

Wahandisi hawabandiki gome jinsi lilivyotoka mtini. Hulisaga likawa chembechembe, wakachanganya na gundi maalumu, wakakandamiza kwa joto likawa vibao. Mchanganyiko wa namna hiyo ndio unaoitwa kompositi: vitu viwili au zaidi vimeunganishwa ili kila kimoja kifidie udhaifu wa mwenzake. Magari ya Marekani Spirit na Opportunity yalipotua Mirihi Januari 2004, ngao zao za joto zilipakwa mchanganyiko wenye chembe za gome hili. Roketi kubwa za pembeni za vile vyombo vya Marekani vilivyostaafu mwaka 2011 zilikingwa kwa gome pia. Roketi ya Ulaya, Ariane 5, iliyoruka mara ya mwisho Julai 2023, ilikuwa na vibao vya gome juu ya kile kichwa kinachofunika satelaiti.

Hapa ndipo ninapotaka wenzangu waandishi wa programu wasogee karibu.

Tarehe 19 Oktoba 2016, chombo cha Ulaya kiitwacho Schiaparelli kiliingia katika anga ya Mirihi kwa kasi ya kama kilomita 21,000 kwa saa. Mbele yake kilikuwa na ngao ya vibao 90 vya unga wa gome uliochanganywa na gundi ya fenoliki. Kibao hicho huitwa Norcoat Liège, na hilo neno la pili ni Kifaransa cha gome hilohilo la vizibo. Ngao ilifanya kazi yake. Joto likaja, gome likaungua kama lilivyokusudiwa, chombo kikapunguza mwendo, mwavuli ukafunguka.

Kisha zamu ya programu ikafika. Mwavuli ulipofunguka chombo kilizunguka kwa kasi iliyozidi ile iliyotarajiwa. Kipimo cha mzunguko kikagonga kiwango chake cha juu na kukwama hapo kwa takriban sekunde moja. Programu ikaichukua namba ile kama ilivyo, ikapiga hesabu, ikapata kwamba chombo kiko chini ya uso wa Mirihi. Ndiyo, chini ya ardhi! Ukweli ni kwamba kilikuwa bado juu kwa karibu kilomita 3.7. Ikaachilia mwavuli, ikawasha injini za kutulia kwa sekunde kama 3 tu, ikazizima, ikajiona imefika. Kilichobaki ni kuanguka.

Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 ulisema, pamoja na mengine, kwamba ulikosekana ukaguzi wa kuuliza: je, jibu hili linawezekana? Mstari mmoja wa akili ya kawaida. Wajukuu wa miti ya Mediterania walitimiza wajibu wao, na sisi wa kibodi tukaangusha chombo. Nimembandikia mwenzangu habari hiyo, kwa pini, kwenye ubao uleule aliocheka.

Basi ugonjwa wa kwanza nimeupinga. Na ule wa pili? Maana sasa utasikia watu wakisema: tutajenga ndege nzima kwa gome, dunia itapona. Polepole, jamani.

Kwanza, gome hukua tena, lakini gundi ya fenoliki hutengenezwa zaidi kutokana na mafuta ya petroli. Ukishachanganya viwili hivyo, kuvitenganisha baadaye ni kazi. Mtu akikuuzia kompositi ya kijani, muulize gundi ni asilimia ngapi na imetoka wapi. Pili, ndani ya ukuta au sakafu ya ndege, gome halina ugumu wa kushindana, kilo kwa kilo, na zile karatasi nyembamba zilizoundwa kama sega la nyuki. Sifa yake iko kwingine: hunyonya mtetemo na kelele, na likigongwa halipasuki hovyo. Kwa hiyo mahali pake ni pale penye mtetemo, mgongano na joto. Tatu, gome ni zao la shamba. Mti huu si sawa na ule. Kulisaga na kulichanganya kunapunguza tofauti, lakini kupima kila fungu ni lazima.

Sasa niseme ninachoamini. Roketi haziwezi kuuokoa msitu wa Ureno, kwa sababu ngao moja inatumia gome kidogo mno. Kinacholipia msitu ule bado ni vizibo vya chupa za mvinyo, na vizibo vya plastiki na vifuniko vya kuzungusha vilipoingia, watu wa kule waliogopa kwa haki. Msitu usio na mnunuzi hauna mlinzi. Lakini sehemu kubwa ya gome linalovunwa haifai kuwa kizibo. Hubaki mabaki ya kusagwa. Kila matumizi ya maana ya mabaki hayo, iwe ngao ya satelaiti au sakafu ya treni, humwongezea mkulima sababu ya kuuacha mti usimame. Huo ndio uendelevu ninaouelewa mimi: mti ambao una faida zaidi ukiwa hai kuliko ukiwa kuni.

Nasi huku? Mwaka 2018 satelaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi ilirushwa kutoka kituo cha kimataifa cha angani. Mwaka 2020, kutoka kituo hichohicho, ikaachiliwa satelaiti ndogo ya Ubelgiji iitwayo QARMAN, pua yake ikiwa ya gome, ili kujifunza namna ya kurudi angahewani. Satelaiti hizo zote mbili unaweza kuzibeba mkononi. Wanafunzi wetu wasiambiwe kwamba kazi ya angani inaanzia kwenye madini adimu na mabilioni. Wakati mwingine inaanzia kwenye gome, mashine ya kusaga na kipimo cha joto. Wapewe vipimo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, usikidharau kitu kwa sababu kimetoka mtini, wala usikisifu kwa sababu hiyohiyo. Kipime. Na ukiwa unaandika programu, tafadhali, hesabu ikikuambia uko chini ya ardhi, hebu iulize mara ya pili.

Tuonane panapo majaliwa.