Joho Mgombea Mwenza wa Ruto 2027? Wasee wa Muyeye, Pigeni Hesabu Kwanza

Maskani za Muyeye story ni moja: Ruto atamwacha Kindiki, 2027 amshike Joho. Poa, lakini msianze kusherehekea.

Tangu uhuru Kenya imekuwa na makamu na manaibu wa rais 13. Pwani? Sufuri. 2022 Joho alifika mpaka kwa jopo la Azimio, akahojiwa, halafu 16 Mei Baba akamtangaza Martha Karua. Siku moja kabla, Ruto alikuwa amemchukua Gachagua. Wote walikuwa wanawinda kura za Mlima, hakuna kingine.

Noma ndo iko hapo. Kura za Kilifi zilikuwa tayari kwa mfuko wa Baba, sasa nani anunue kitu ako nacho? Na bado waliojitokeza kupiga kura huku walikuwa wachache kuliko wastani wa taifa. Kingi alitoka Azimio na PAA yake kabla ya uchaguzi, akapiga dili na Kenya Kwanza. Leo ni Spika wa Seneti.

Kindiki naye ni wa Tharaka-Nithi. Kumtoa ni kumwachia Gachagua Mlima bure, na Ruto si mtu wa kupeana kitu bure. Kwa hivyo Joho akitaka hiyo kiti, lazima aende mezani na kura za kuhesabika. Hapo Muyeye, mabeshte wangapi wako na kadi ya kura?