TUME YETU WATU WA AFYA (sehemu ya 3)

Ndugu zangu wa Ilagala, Sunuka na mwambao wote, tuendelee. Niliposema watumishi wa afya tunahitaji Tume yetu ya Utumishi, mmoja akanijibu: "Nesi, si mna Baraza nyie?" Jamani, Baraza la Uuguzi na Ukunga linashika leseni. Cheo changu na barua ya kunifukuza haviko huko, viko kwa Mkurugenzi wa halmashauri. Yeye mwajiri, yeye mamlaka ya nidhamu. Anakushtaki, kamati ya kukuchunguza anaiunda yeye, hukumu anasaini yeye. Hata awe mtu mwema kiasi gani, hiyo siyo haki.

Ukionewa, unakata rufaa Tume ya Utumishi wa Umma ndani ya siku 45. Haki ya rufaa iko kwenye Sheria Na. 8 ya 2002, siku 45 ziko kwenye Kanuni zake. Ila Tume hiyo ni ya dereva, mhasibu, bwana shamba na wewe, wote mlango mmoja, Dodoma. Na vielelezo vya kesi vinapelekwa na yule yule aliyekuadhibu. Akichelewesha je? Wewe uko ng'ambo ya Malagarasi unasubiri kivuko, mshahara umekatika.

Sasa tazama walimu. Tume yao ilianza 1989, sheria ile ya 2002 ikaishusha ikawa idara tu. Hawakunyamaza, na Sheria Na. 25 ya 2015 ikawarudishia TSC yenye ofisi hadi wilayani. Mwalimu akituhumiwa kosa zito, Mkurugenzi hamfukuzi. Uganda nao, Katiba yao ya 1995 ina Tume ya Utumishi wa Afya, na wale wa wilayani wana tume ya wilaya inayoajiri na kuadhibu.

Najua mtasema TSC haikuwaokoa walimu vyeo viliposimamishwa 2016. Kweli, haikuwaokoa. Mimi siombi pepo, naomba anayenishtaki asiwe hakimu wangu.

Wewe mvuvi unauliza yanakuhusu nini. Nesi anayeogopa barua haandiki kwamba glavu zimeisha. Anamwambia mkeo akanunue dukani, na wewe unarudi nyumbani unasema manesi wameuza glavu. Nani kakudanganya hapo?

Marekani kuna majimbo wananchi wanakusanya saini, jambo linaenda kwenye kura. Kwetu njia hiyo haipo. Hata kura ya maoni ya Katiba Inayopendekezwa, iliyopangwa 30 Aprili 2015, iliahirishwa. Tuliye naye ni mbunge. Akija mkutanoni muulizeni swali moja tu, na msikubali akimbilie habari za barabara: walimu wana tume yao kwa sheria, muswada wa tume ya watu wa afya ataupeleka lini?

Sehemu ya 4 nitaeleza hizo siku 45 zinaanza kuhesabiwa lini, maana wengi wanapoteza rufaa hapo.