Kabla hujaisugua hiyo injini...

Majaribio yametubana wiki hii, ila kuna ubishi wa bwenini lazima niumalizie hapa. Jamaa yangu wa chumba anasema fundi anayehangaika kutafuta rangi halisi ya injini ya gari la zamani anapoteza muda tu. Eti boneti ikishafungwa, nani ataiona? Mi nasema hapana.

Chukulia Ford Mustang ya 1965 yenye V8 ya inchi za ujazo 289, yaani kama lita 4.7 hivi. Ile ya kawaida ilitoka kiwandani Marekani bloku ikiwa nyeusi, mifuniko ya valvu na kasha la kichujio cha hewa vikiwa vya dhahabu. Bluu ikaja kwenye magari ya modeli ya 1966. Sasa mtu ana gari la 1965, kasikia "Ford ni bluu", ananunua kopo, anapuliza. Inang'aa kweli, lakini si injini ya mwaka ule tena.

Hata kopo lenyewe usiliamini kihivyo. Watengenezaji wawili wanaweza kuandika jina lilelile la rangi na bluu zao zikatofautiana. Shahidi mzuri ni injini yenyewe. Angalia nyuma ya vishikio vya alteneta na sehemu nyingine zilizojificha. Rangi iliyo wazi imeshapikwa na joto na kunywa oili miaka yote hiyo, ukifananisha na hiyo utapata rangi ya uzee. Na kama injini ilishawahi kupakwa upya, ya kiwandani tafuta kwenye tabaka la chini kabisa.

Kwa hiyo futa uchafu taratibu, piga picha kwenye mwanga wa mchana, pulizia kipande cha chuma cha majaribio, kikikauka ndo ulinganishe. Ukitanguliza msasa na brashi ya waya, ushahidi umekwenda na hauna pa kuutafuta tena.

Ila jamani, rangi sahihi isiwe ya kutapelia watu. Kama injini ilibadilishwa, ukaipaka vizuri ili mnunuzi adhani gari lilizaliwa nayo, huo ni wizi. Rangi haithibitishi chochote. Namba zilizo kwenye chuma cha bloku ndizo za kukagua. Mwambie mtu ukweli, aamue mwenyewe.

Sisemi kila gari lifanyiwe hivyo. Gari la kazi paka hata pinki, mradi lipige mzigo. Lakini ukishatangaza kwamba lako liko "kama lilivyotoka kiwandani", hiyo ni ahadi, na inahusu mpaka chini ya boneti.

Nawasilisha. Wa kupinga, uwanja ni wenu.